Pishi Jipya Likikataa: Kutafuta Chanzo Kuanzia Dalili

Nilipohama Kisumu na kuanza kupika Nakuru, maharagwe niliyozoea kuyaivisha kwa saa moja na nusu yalianza kunichukua saa mbili na zaidi, ilhali yalitoka katika mfuko ule ule nilioununua soko la Kibuye na sufuria haikubadilika. Kilichobadilika ni mwinuko wa mahali. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru takriban mita 1,850, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi: karibu nyuzi 96 za Selsiasi Kisumu, karibu 94 Nakuru. Tofauti ya nyuzi mbili haionekani kwa macho, kwa kuwa mapovu ni yale yale, lakini punje kavu ya maharagwe inaihisi, na gesi inaihisi zaidi.

Kosa la namna hiyo ndilo linalowakatisha tamaa watu wengi wanaojaribu kiungo au mbinu ngeni nyumbani. Chakula kikiharibika, kiungo kipya ndicho kinacholaumiwa kwanza: unga wa wimbi haufai chapati, tui la nazi ni la watu wa Pwani, yogati ya nyumbani haigandi. Nimekuja kuamini kwamba mara nyingi kiungo chenyewe hakina hatia. Kimetendewa kana kwamba ni kile kilichokuwapo kabla yake, kikapewa maji yale yale, moto ule ule na muda ule ule. Kwa hiyo katika kila dalili iliyo hapa chini nimejaribu kuuliza kiungo kipya kinahitaji nini ambacho cha zamani hakikukihitaji.

Kabla ya kutafuta chanzo, weka daftari jikoni na uandike ulichopima, kisha katika jaribio linalofuata ubadilishe jambo moja tu. Anayepunguza maji, akabadilisha unga na kuongeza moto siku moja hawezi kujua ni lipi lililomsaidia. Jaribu pia kwa kiasi kidogo. Nusu kikombe cha unga kinatosha chapati mbili, na chapati mbili zinatosha kukuonyesha kosa bila kuilaza familia na njaa.

Maharagwe hayalainiki

Angalia kwanza kama punje zote ni ngumu kwa kiasi kimoja au kama baadhi zimeiva na nyingine bado. Zikiwa zimechanganyika, tatizo haliko jikoni. Liko kwenye gunia, ambamo mavuno ya msimu huu yamechanganywa na ya mwaka jana au ya mwaka juzi. Maharagwe yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu hubadilika ndani, na pektini inayoshikanisha chembe zake hukazana kiasi kwamba maji ya moto hayaiyeyushi kwa urahisi. Loweka usiku kucha, kisha asubuhi ondoa punje ambazo hazijavimba, kwa sababu hizo zitabaki kama kokoto hata ukichemsha mpaka jioni.

Punje zote zikiwa ngumu kwa pamoja, jiulize ni lini ulitia nyanya. Asidi huifanya pektini isilegee, na mpishi anayejaribu mchuzi wa ukwaju au wa nyanya nyingi akauanza pamoja na maharagwe mabichi huwa anayazuia yasiive. Yachemshe yalainike kabisa, ndipo utie nyanya, ukwaju au ndimu. Sukari guru nayo ina madini ya kalsiamu na hufanya kazi hiyo hiyo ya kukaza, hali kadhalika maji ya kisima yenye chokaa. Ukishuku maji, pima vikombe viwili vya maharagwe yale yale, kimoja ukichemshe kwa maji ya kisima na kingine kwa maji ya mvua, kwa moto unaolingana. Ni jaribio la siku moja, nalo linamaliza ubishi. Chumvi, kwa upande wake, husingiziwa bure: chumvi kidogo kwenye maji ya kulowekea husaidia ganda kulegea, kwa kuwa sodiamu huchukua nafasi ya sehemu ya ile kalsiamu.

Wengi wetu tumelelewa na magadi, na ni kweli kwamba kipande kidogo hulainisha maharagwe haraka, kwa sababu maji yenye alkali huivunja pektini. Gharama yake ni vitamini B1 inayopotea na ladha ya sabuni pindi kiasi kinapozidi. Kwa watu wa Nakuru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa naongeza sababu ya tatu: visima vingi huku vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambayo ndiyo kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi yenyewe huja na floraidi yake. Sioni sababu ya kuongeza moja juu ya nyingine wakati kulowekwa na muda vinatosha. Sufuria ya presha ndiyo dawa ya kweli ya mwinuko, kwa kuwa huifungia mvuke ndani na kulipandisha joto hadi nyuzi 115 au hata karibu 120, na hapo tofauti kati ya Nakuru na Kisumu hupungua mno.

Kuna mbinu moja mpya inayohitaji tahadhari, nayo ni kikapu cha joto, kile kikapu kilichojazwa pamba au vitambaa ambamo sufuria ya moto hufunikwa na kuachwa iendelee kupika bila kuni. Ni kifaa kizuri, nami hukitumia kila wiki. Lakini maharagwe, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili iitwayo lektini ambayo huvunjika tu kwa mchemko wa nguvu. Yakipashwa moto wa chini bila kuchemka vizuri, sumu hiyo inaweza hata kuongezeka, na punje chache zisizoiva zinatosha kumfanya mtu atapike na kuendesha saa chache baadaye. Kwa hiyo kama maharagwe yako ya kikapuni yametoka magumu na watu wameumwa tumbo, usitafute chanzo kwenye viungo. Loweka usiku kucha, umwage maji hayo, chemsha katika maji mapya kwa mchemko mkali, na ndipo uhamishie kikapuni. Mwongozo wa kawaida ni angalau dakika 10 za mchemko. Mimi, nikiwa huku juu ambako maji hayafiki nyuzi 100, nachemsha dakika 30 na sikati hata moja.

Chapati au mkate wa wimbi unavunjika

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na jibu lake linaanzia kwenye unga wa ngano. Ngano ina protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa huungana kuwa utando unaovutika, gluteni, na utando huo ndio unaoiwezesha chapati kusukumwa nyembamba na mkate kushika hewa. Wimbi na mtama havina gluteni hata chembe. Ukibadilisha unga wote wa ngano kwa wimbi na kufuata maelekezo yale yale, unachokanda ni mchanga wenye maji, hata ukande saa nzima.

Dalili zenyewe hutofautiana, na kila moja ina njia yake. Kama donge linashikana lakini chapati inapasuka kingo wakati wa kusukuma, umetia wimbi kupita kiasi. Anza na sehemu moja ya wimbi kwa sehemu nne za ngano, uone, kisha uongeze. Kama donge linapasuka ingawa wimbi ni kidogo, huenda halikupumzishwa: unga wa wimbi hunywa maji polepole kuliko ngano, kwa hiyo donge linaloonekana sawa mwanzoni huwa kavu nusu saa baadaye. Likande laini kuliko ulivyozoea, lifunike, liache dakika 30, ndipo uamue kama linahitaji unga zaidi. Kama ladha ni ya mchanga mdomoni, unga haukusagwa laini au wimbi halikupepetwa vizuri, na hapo hakuna ujanja wa mpishi utakaosaidia.

Anayetaka chapati isiyo na ngano kabisa anapaswa kuuacha ukandaji wa kawaida na kutumia maji yanayochemka. Wanga ukikutana na maji ya moto sana hufunguka, hunyonya maji na kuwa gundi. Mwagia unga maji yanayobubujika huku ukikoroga kwa mwiko kama unayeanza kusonga ugali, ufunike upoe kidogo, kisha ukande kwa mikono ingali vuguvugu. Akina mama wa Busia na Siaya wanaosonga ugali wa mtama au wimbi uliochanganywa na unga wa muhogo walilijua jambo hili kabla yetu sote: wanga wa muhogo unanata sana, nao ndio unaoushikilia ugali ule usimeguke. Robo ya unga wa muhogo ndani ya wimbi huleta mabadiliko ambayo yai pekee haliyaleti.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo sasa vimejaa masoko ya Magharibi na Nyanza, vina tatizo la upande wa pili. Hapo donge halivunjiki. Linanata mikononi na kwenye kibao. Kiazi kitamu kibichi kina maji ambayo ni zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake, na anayevichemsha vikiwa vimemenywa na kukatwa anaviongezea mengine. Vipike kwa mvuke au kwa maganda yake, viponde, viache vipoe na mvuke utoke, kisha changanya na unga bila kutia maji hata tone. Kanda dakika tano. Ikiwa bado kuna unga mkavu, ongeza maji kwa kijiko. Na chapati hizo zikibabuka madoa meusi kabla ya kuiva ndani, sababu ni sukari ya kiazi. Punguza moto wa kikaango na uvumilie.

Keki imepanda, kisha ikashuka katikati

Maelekezo mengi ya keki yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Huku kwetu hewa ni nyepesi, gesi ndani ya keki hutanuka kwa kasi kubwa, na kuta za keki hupanda kabla hazijakomaa, kisha huanguka. Kama keki imeshuka katikati na ina mashimo makubwa, punguza poda ya kuokea. Nakuru mimi hupunguza karibu robo ya kipimo, naongeza vijiko vikubwa viwili vya maziwa kwa kila kikombe cha unga kwa kuwa maji hukauka upesi, napunguza sukari kwa kijiko kikubwa kimoja, na kuupandisha moto wa oveni kwa nyuzi 10 hivi ili keki ikomae mapema. Kisumu punguzo la poda linatosha kuwa nusu ya hilo. Lakini usiyafanye yote manne kwa mara moja. Anza na poda.

Kama unaokea kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, na keki imeungua chini ilhali juu ni mbichi, usilaumu mwinuko. Tandika mchanga mkavu au sufuria ndogo iliyogeuzwa ndani ya sufuria kubwa ili chombo cha keki kisiguse chini, kisha hamishia makaa mengi juu ya kifuniko kuliko yaliyo chini.

Keki inaweza pia kuwa nzuri kwa sura na chungu kwa ulimi, ikiacha ladha ya sabuni. Hiyo ni soda ya kuokea iliyokosa asidi. Soda na poda si kitu kimoja: poda imechanganywa na asidi yake tayari, lakini soda husubiri umpe maziwa mala, ndimu, siki au ndizi mbivu. Aliyekosa poda akatia soda kwa kipimo kile kile ametia nguvu mara tatu au nne, na sehemu kubwa yake imebaki bila kazi. Robo ya kijiko cha chai cha soda pamoja na nusu kikombe cha maziwa mala hutosha kuchukua nafasi ya kijiko kimoja cha chai cha poda, mradi maziwa hayo yaondolewe kwenye maji mengine ya pishi.

Mkate wa hamira usipopanda kabisa, jaribu hamira kabla ya kulaumu unga: itie kwenye maji vuguvugu yenye sukari kidogo, ya joto lisilochoma kifundo cha mkono, na baada ya dakika 10 iwe imetoa povu. Isipotoa, imekufa. Maji yaliyotoka kuchemka huiua papo hapo.

Tui la nazi limekatika

Mtu wa Kisumu anayejaribu kumpika ngege kwa namna ya samaki wa kupaka, au kutia tui kwenye maharagwe, hukutana na mafuta yanayoelea juu na chembe nyeupe chini. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini chache za nazi. Mchemko mkali huzifanya protini hizo zigande na kuacha mafuta yaende zake, na ndimu huharakisha jambo hilo.

Wapishi wa Pwani hukamua nazi zaidi ya mara moja, na humo ndimo ulimo ufumbuzi. Tui jepesi, lile la mkamuo wa pili na wa tatu, ndilo linalopikia. Tui zito, la mkamuo wa kwanza, hutiwa mwishoni, moto ukiwa chini, na sufuria hukorogwa upande mmoja bila kufunikwa mpaka mchuzi uanze kutetemeka tu. Ndimu hufuata baada ya kuepua. Anayetumia tui la pakiti au la kopo afuate mpango huo huo, kwa kulichanganya nusu na maji mwanzoni na kuiweka nusu nyingine kando. Mchuzi uliokwisha kukatika unalika bila madhara yoyote, na ukiutia kijiko cha unga wa mahindi uliokorogwa na maji baridi unaweza kurudi kushikana, ingawa hautakuwa laini kama ungefanya sawa tangu mwanzo.

Mboga za kienyeji: uchungu, rangi na utelezi

Aliyezoea sukuma wiki akianza kupika managu au saga hulalamikia uchungu. Hapa kuna jambo ninalolishikilia kwa nguvu: uchungu kiasi ni sehemu ya mboga hizi, na lengo si kuufuta. Ukizidi, chunguza kama majani yalikuwa yamekomaa sana au yalikulia penye ukame. Chemsha kwa maji mengi bila kufunika, umwage maji ya kwanza, kisha mimina maziwa au malai na uache mboga kwenye chungu usiku mmoja, kama wafanyavyo watu wa Nyanza na wa Kisii. Maziwa huutuliza uchungu kwa namna ambayo sukari haiwezi, na siku ya pili mboga huwa na ladha nzito iliyoungana.

Rangi ikigeuka kahawia, asidi ndiyo sababu. Majani hutoa asidi yake yenyewe yanapochemka, na kifuniko huirudisha sufuriani pamoja na mvuke, nyanya huiongeza. Acha sufuria wazi, pika kwa muda mfupi, na nyanya zikaangwe kando. Magadi yataipa mboga kijani cha kung'aa, lakini yataifanya rojorojo na kuiharibu vitamini C, kwa hiyo usidanganywe na rangi peke yake.

Mrenda ni habari nyingine. Wageni wanaoujaribu kwa mara ya kwanza huuliza namna ya kuupunguzia utelezi, na wenyeji wa Vihiga na Kakamega huuliza kwa nini hautelezi vya kutosha. Wote wawili wanahitaji kujua jambo moja tu, kwamba alkali huutoa ute na asidi huupunguza. Munyu uliochujwa kutoka majivu ya maganda ya maharagwe ndio uliofanya kazi hiyo tangu kale, na ndio nionao kuwa bora kuliko soda ya dukani, ambayo ladha yake huzidi upesi. Anayetaka utelezi kidogo asitie munyu kabisa, apike mrenda pamoja na kunde nyingi, na amalizie na nyanya. Kama ulitia munyu na bado mboga ni nyepesi kama maji, majani yalikuwa machache mno kwa maji uliyotia.

Yogati haigandi

Maziwa ya yogati yanahitaji joto mara mbili: kwanza hadi karibu nyuzi 85 kwa dakika kumi hivi, ili protini zake zijikunjue na kuweza kushikana, kisha yapoe hadi nyuzi 43 au 45 kabla ya kutia kianzio, yaani yogati kidogo yenye bakteria hai. Yogati nyepesi kama maziwa ya kawaida lakini yenye uchachu mara nyingi ni ya aliyeruka hatua ya kwanza. Yogati yenye chembechembe na maji ya manjano imekaa kwenye joto kali mno au muda mrefu mno. Yogati tamu isiyoganda kabisa maana yake ni kwamba kianzio kilikufa, ama kwa kutiwa maziwa yakiwa bado moto, ama kwa sababu kilikuwa cha zamani.

Kuna chanzo cha nne ambacho wengi hawakifikirii. Maziwa yaliyotoka kwa ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki, mathalan kwa ugonjwa wa kiwele, yanaweza kubeba dawa hiyo, nayo huwaua bakteria wa yogati kama ilivyowaua wale wa ugonjwa. Nilipoteza lita tatu kwa njia hiyo, nikiwa nimefanya kila kitu sawa, na nilijua tu nilipojaribu kianzio kile kile kwa maziwa ya pakiti kikaganda vizuri. Maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa hayapaswi kuuzwa kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa hazijaisha, na ni haki yako kumwuliza anayekuuzia.

Kwa upande wa joto la kungojea, Kisumu ni rahisi; chumba chenyewe kinasaidia. Nakuru usiku huwa baridi, na yogati iliyoachwa mezani hulala bila kufanya lolote. Kile kikapu cha joto cha maharagwe hufaa hapa kuliko kifaa chochote nilichowahi kukitumia. Uji wa kuchachisha wa wimbi hufuata kanuni hiyo hiyo: ule unaokuwa tayari Kisumu kwa siku moja huku unaweza kuhitaji mbili au tatu, na kuchelewa huko si kuharibika.

Dalili ndogo ndogo

Kitunguu saumu kilichotiwa siki au ndimu kwa ajili ya achari kikigeuka samawati au kijani, hakijaoza. Ni viasili vyake vya salfa vilivyokutana na asidi, nacho kinalika.

Pilau chungu isiyo na harufu ya kuungua mara nyingi imetokana na bizari nyembamba iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi. Iondoe kwenye mafuta mara inapoanza kunukia, au tia vitunguu juu yake ili joto lishuke. Mafuta yaliyokwisha kuwa machungu hayatengenezeki, kwa hiyo anza upya kabla ya kutia mchele.

Ngege akigandia kikaangoni na kuacha ngozi yake, alikuwa na maji. Mfute kwa kitambaa ndani na nje, mpake chumvi, mwache dakika chache, mfute tena, kisha mtie kwenye mafuta yaliyo moto kiasi kwamba kipande cha kitunguu huanza kuchemka papo hapo. Usimgeuze mpaka ajiachie mwenyewe. Omena zenye mchanga hazihitaji viungo zaidi. Zinahitaji kuoshwa kwa maji vuguvugu mara tatu au nne, kwa kuzinyanyua kutoka kwenye maji badala ya kuyamwaga, ili mchanga ubaki chini.

Muhogo mchungu

Dalili hii nimeiweka peke yake kwa sababu haitafutiwi ladha. Unga wa muhogo, chipsi za muhogo na keki za muhogo zimewavutia wapishi wengi, na muhogo mtamu uliomenywa na kuchemshwa vizuri ni chakula salama. Lakini mihogo yote ina viasili vinavyotoa sayanidi, vikiwa vingi zaidi kwenye ganda na kwenye aina chungu, na ukame huviongeza. Muhogo chungu haugeuki kuwa mtamu kwa kukaangwa. Watu wa Busia na Teso huumenya, huuloweka au kuuvundika kwa siku kadhaa, huuanika juani hadi ukauke kabisa, ndipo husaga, na kila hatua kati ya hizo huondoa sehemu ya sumu. Anayeruka hatua ili aufikie unga haraka amebaki na sumu hiyo ndani ya unga.

Kwa hiyo onja kipande kidogo cha muhogo uliochemshwa kabla ya kuwapa wengine. Ukiwa mtamu au hauna ladha kali, endelea. Ukiwa mchungu, teme, mwaga maji uliyochemshia, usiugeuze kuwa chipsi, usiufiche ndani ya sukari na iliki, na maganda yake mabichi usiwatupie mbuzi.